Saa Iliyowafundisha Wakimbiaji Kwenda Polepole

Tarehe 15 Julai 1939, mjini Milan, Mjerumani Rudolf Harbig alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 46.6. Rekodi ya dunia ilikuwa ya Mwingereza Sydney Wooderson, na Harbig aliipunguza kwa sekunde 1.8 kwa mkupuo mmoja. Wafuatiliaji wa riadha wanajua uzito wa jambo hilo: katika mbio hizo rekodi hupungua kwa sehemu za kumi za sekunde, na anayepunguza nusu sekunde hubaki gumzo kwa miaka. Rekodi hiyo ilikaa miaka 16, mpaka Mbelgiji Roger Moens alipoivunja mwaka 1955. Harbig hakuishi kuona, kwani alifia vitani mwaka 1944.

Kocha wake, Woldemar Gerschler, alikuwa na vifaa viwili tu vya kazi: saa ya kupimia mbio, na vidole vya kushikia mshipa. Yeye na daktari wa moyo Herbert Reindell wa Chuo Kikuu cha Freiburg waliwapima watu wapatao 3,000, wakatunga utaratibu ambao hadi leo makocha wanaufuata kwa namna moja au nyingine. Mkimbiaji anakimbia kipande kifupi, mita 100 au 200, mpaka moyo ufike mapigo 180 kwa dakika. Kisha anapumzika mpaka mapigo yashuke hadi 120. Yakishuka kabla ya sekunde 90 kwisha, anakimbia tena. Yakigoma kushuka, mazoezi ya siku hiyo yamekwisha, avae nguo zake aende nyumbani. Gerschler na Reindell waliamini kwamba moyo hupata nguvu wakati ule wa kupumzika, na kwamba kule kukimbia ni kuuandaa tu. Mwaka 1952, Josy Barthel wa Luxembourg, mwanafunzi mwingine wa Gerschler, alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 mjini Helsinki.

Saa ya mapigo tunayoivaa leo inauzwa kama mnyapara wa mkononi: inalia, inawaka, inakuhimiza uongeze mwendo. Ukiifuatilia historia yake utakuta kwamba waliohangaika kuibuni, na waliofaidika nayo zaidi, waliitaka kwa kazi tofauti kabisa. Walitaka kujua ni lini mtu apunguze, na ni lini asimame.

Kuhesabu mapigo ni kazi ya zamani. Herophilus, tabibu Mgiriki aliyefanya kazi Alexandria nchini Misri katika karne ya 3 kabla ya Kristo, alipima mshipa wa mgonjwa kwa saa ya maji, na inaelezwa kwamba saa yake iliwekewa kipimo tofauti kwa kila rika, mtoto chake na mzee chake. Kumbuka hilo la kipimo kwa umri, maana litarudi baada ya miaka elfu mbili likiwa na kasoro ile ile. Huko Padua, mwanzoni mwa karne ya 17, Santorio Santorio alitumia timazi iliyoning'inia kwenye uzi: alirefusha au kufupisha uzi mpaka timazi ibembee sawasawa na mshipa, kisha akasoma urefu wa uzi. Mwaka 1707 John Floyer, daktari wa mji wa Lichfield nchini Uingereza, alichapisha kitabu kuhusu saa ya kupimia mapigo. Kabla ya hapo alikuwa akitumia hata chupa ya mchanga ya mabaharia, na hatimaye fundi saa Samuel Watson akamtengenezea saa iliyokwenda dakika moja kamili na kusimama. Tangu Floyer tunahesabu mapigo kwa dakika. Wote hao, hata hivyo, walimpima mtu aliyelala au aliyeketi. Mtu anayekimbia hakuna aliyemfikiria.

Hatua kubwa ililetwa na umeme. Kila moyo unapopiga hutoa chaji ndogo ya umeme inayosambaa mwilini mpaka kwenye ngozi, na mwanzoni mwa karne ya 20 Willem Einthoven, mjini Leiden nchini Uholanzi, aliunda mtambo wa kuinasa vizuri. Mtambo wenyewe ulikuwa na uzito wa kilo 270 hivi na ulihitaji watu watano kuuendesha. Mgonjwa alitumbukiza mikono yote miwili na mguu mmoja ndani ya vyombo vya maji ya chumvi, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri. Hospitali ilikuwa mbali na maabara, na mtambo haubebeki, kwa hiyo mwaka 1905 Einthoven alivuta ishara za moyo kwa waya wa simu umbali wa kilomita moja na nusu. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Yale maji ya chumvi hayajatuacha: mkanda wa kifuani wa mkimbiaji wa leo hausomi vizuri ukiwa mkavu. Ndiyo maana unaona watu wanaulowesha kwa maji au hata kwa mate kabla ya kuufunga, na baada ya dakika kumi jasho, ambalo ni maji ya chumvi ya bure, linaendeleza kazi.

Wa kwanza kumfungua mtu kutoka kwenye mtambo alikuwa Mmarekani Norman Holter, wa mji wa Helena, Montana. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alijitwika mgongoni redio ya kupeperusha ishara za moyo, yenye uzito wa kilo 38, akapanda baiskeli ya mazoezi na kukanyaga. Kilo 38 ni zaidi kidogo ya robo tatu ya mfuko wa saruji. Miaka ikapita, vifaa vikasinyaa, na hadi leo mgonjwa akifungiwa kifaa cha kurekodi moyo kwa saa 24, madaktari wanakiita Holter. Lakini hicho kilikuwa cha daktari. Kocha aliyesimama kando ya uwanja bado alikuwa na vidole vyake tu.

Vidole vina matatizo yake, na mahali yalipouma zaidi ni kaskazini mwa Finland. Mchezo wa huko ni mbio za skii za nyika: mtu anateleza juu ya theluji kwa kilomita 15, 30 au 50, akisukuma kwa fimbo mbili, wakati mwingine katika baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Kocha anataka kujua moyo unafanyaje mlimani. Mwanariadha asimame, avue glavu, apapase shingo au kifundo cha mkono kwa vidole vilivyokufa ganzi, ahesabu. Moyo wa mtu aliyezoezwa vizuri huanza kushuka mara tu anaposimama, kwa hiyo kinachohesabiwa ni moyo wa mtu aliyesimama, siyo wa mtu aliyekuwa anapanda mlima. Makocha wakafupisha hesabu iwe ya sekunde 10, halafu wazidishe kwa 6. Hapo ukikosea pigo moja, umekosea sita. Ukikosea mawili, unamwambia mtu anayejiua kwa mazoezi kwamba yuko salama.

Wafini hawakuwa wakitafuta hesabu kwa ajili ya kujifurahisha. Katika Olimpiki ya 1980 huko Lake Placid, Marekani, Mfini Juha Mieto alishindwa mbio za kilomita 15 na Msweden Thomas Wassberg kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Dakika 41 na ushee za kuteleza, na tofauti haifiki hata kupepesa jicho.

Miaka mitano kabla ya hapo, 1975, Seppo Säynäjäkangas, mhadhiri wa elektroniki katika Chuo Kikuu cha Oulu, alikuwa akiteleza kwa skii akakutana njiani na kocha aliyemlalamikia jambo hilo hilo: hakuna namna ya kujua mapigo ya mwanariadha akiwa mwendoni. Säynäjäkangas alirudi na swali hilo kazini. Oulu ulikuwa mji uliofaa kwa swali la namna hiyo. Chuo chake kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1958 na elektroniki ilikuwa moja ya nguvu zake. Mwaka 1977 Säynäjäkangas alianzisha kampuni ya Polar Electro, na makao yake yakawa Kempele, jirani na Oulu. Mwaka 1978 walitoa kifaa cha kusoma mapigo, kikauzwa kwa jina la Tunturi Pulser. Kilikuwa kizuri kwa aliye juu ya baiskeli ya ndani. Kwa aliyeshika fimbo za skii hakikusaidia.

Jibu kamili lilipatikana mwaka 1982, kwa jina la Sport Tester PE 2000. Sehemu moja ilifungwa kifuani, ikinasa umeme wa moyo kama Einthoven alivyofanya, ila kilo 270 zilikuwa zimegeuka kitu cha kutosha kiganjani. Sehemu ya pili ilivaliwa mkononi kama saa. Kati yao hakuna waya: mkanda ulirusha ishara za masafa mafupi sana, na saa ikazipokea na kuonyesha namba. Ufupi wa masafa ulikuwa makusudi, betri idumu na mtu asiwe kituo cha redio. Hata hivyo, katika miaka ya mwanzo wanariadha wawili wakikimbia bega kwa bega, saa ya mmoja iliweza kusoma moyo wa mwenzake, na mtu akaona mapigo yakiruka bila sababu mpaka alipojitenga. Baadaye mikanda ikawekewa alama za siri ili kila saa imjue mwenyewe.

Mwaka 1984 ikafuata PE 3000, iliyoweza kuunganishwa na kompyuta. Kwa maoni yangu hii ndiyo iliyobadilisha uhusiano wa kocha na mwanafunzi kuliko ile ya kwanza. Zamani mwanariadha aliambiwa leo ni siku ya kukimbia taratibu, akaenda porini, akakuta wenzake, wakaanza kufukuzana, akarudi na kusema amekimbia taratibu. Sasa kocha aliweza kukaa jioni na kuangalia mstari mzima wa mbio hizo kwenye kioo, dakika kwa dakika. Uongo ulikuwa na kumbukumbu.

Namba zilipopatikana, likaja swali la namba ipi. Mfini mwingine, Martti Karvonen, alikuwa amekwisha kulifanyia kazi mwaka 1957 kwa kuwakimbiza vijana wachache kwenye mashine. Alisema usiangalie kilele peke yake, angalia nafasi iliyopo kati ya mapigo ya mtu akiwa amepumzika na mapigo yake ya juu kabisa. Kwa mfano, mtu ambaye moyo wake hupiga 60 akiamka na 180 akiishiwa nguvu ana nafasi ya 120. Asilimia 60 ya nafasi hiyo ni 72. Jumlisha na 60, unapata 132. Hesabu ya Karvonen inamtambua mtu mmoja mmoja, na imesimama vizuri.

Iliyoenea zaidi ni ile nyingine: chukua 220, toa umri wako. Imebandikwa kwenye kuta za jimu kuanzia Chicago hadi Kariakoo, na saa nyingi zinakuja nayo kiwandani. Inatokana na Wamarekani Samuel Fox na William Haskell, waliokusanya matokeo ya tafiti za wengine mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakayaweka kwenye grafu na kuona kwamba mstari wa namna hiyo unapita katikati ya vidoti. Hawakufanya utafiti maalumu wa kuupata. Haskell mwenyewe alikuja kueleza kwamba hawakukusudia iwe sheria ya kufuatwa na kila mtu. Mwaka 2001 Hirofumi Tanaka na wenzake walipendekeza hesabu bora kidogo, yaani 208 ukitoa asilimia 70 ya umri, lakini hata hiyo ni wastani. Watu wawili wa miaka 40 wanaweza kutofautiana mapigo 20 na wote wakawa wazima. Herophilus na saa yake ya maji ya kila rika alikwama hapo hapo.

Miaka ya 1980 ilikuwa na majaribio mengine ya kutafuta namba sahihi, na moja lina doa. Francesco Conconi, profesa wa Ferrara nchini Italia, alichapisha mwaka 1982 jaribio la kukimbia ukiongeza mwendo hatua kwa hatua huku mapigo yanarekodiwa, ili kuona mahali mstari unapopinda. Mwaka 1984 mwendesha baiskeli Francesco Moser, aliyeandaliwa na Conconi, alivunja rekodi ya umbali wa kuendesha kwa saa moja mara mbili ndani ya juma moja huko Mexico City, akifikisha kilomita 51.151. Dunia nzima ikataka saa ya mapigo. Baadaye Moser alikiri kwamba aliongezewa damu, jambo ambalo mwaka ule halikuwa limepigwa marufuku. Saa ilipewa sifa ambayo sehemu yake ilikuwa ya chupa ya damu.

Mfano ninaouamini zaidi ni wa Mark Allen, Mmarekani wa triathloni, mchezo wa kuogelea, baiskeli na kukimbia. Alikuwa na kasi, na kila mwaka aliumia au alichoka kabla ya wakati. Kocha Phil Maffetone akamwekea kikomo: 180 ukitoa umri, kisha rekebisha kidogo kwa hali ya mtu. Kwa Allen kikomo kikawa 155. Siku ya kwanza alipokimbia bila kuvuka 155 alijikuta anakwenda kilomita moja kwa zaidi ya dakika tano, mwendo ambao kwake ulikuwa wa aibu. Alivumilia. Baada ya kama mwaka mmoja, kwa mapigo yale yale 155, alikuwa anakimbia kilomita kwa dakika 3 na sekunde 20 hivi. Oktoba 1989, huko Hawaii, baada ya kushindwa mara sita katika Ironman, triathloni ya masafa marefu, alimshinda Dave Scott kwa sekunde 58 katika shindano la zaidi ya saa nane. Alikuja kushinda mara tano zaidi. Hesabu ya 180 haina msingi imara wa kisayansi kuliko ile ya 220, nasema wazi, lakini ilimfanya mtu mwenye pupa atembee pale alipopaswa kutembea.

Sisi Afrika Mashariki tulifika huko kwa njia nyingine. Filbert Bayi alipoongoza tangu mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch, Februari 1974, Säynäjäkangas alikuwa bado hajakutana na kocha wake kwenye theluji. Na mgeni anayefika Kaptagat au Iten, kwenye mita 2,400 hivi juu ya bahari, hushangazwa na mwanzo wa mbio za asubuhi: mabingwa wanaanza kwa mwendo ambao hata yeye anaumudu. Eliud Kipchoge, aliyekimbia kilomita 42.2 kwa saa 1:59:40 mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, amesema mara nyingi kwamba mazoezini hajitoi wote, anabakiza. Siku hizi mikono ya huko ina saa za kila aina, ila mazoea ya kuanza taratibu yalikuwepo kabla yake.

Saa zenyewe zimebadilika. Tangu miaka ya 2010 nyingi zimeachana na mkanda na kutumia mwanga. Geuza saa yako uone taa za kijani mgongoni mwake: damu hunyonya mwanga wa kijani, kila pigo huleta damu zaidi kwenye ngozi, na kijicho kilicho kando ya taa husoma mwanga uliorudi. Apple Watch ilipoingia sokoni Aprili 2015 ilibidi wenye tatuu mkononi waambiwe kwamba wino unaweza kuziba mwanga. Kuhusu ngozi nyeusi, tafiti hazijakubaliana: uchunguzi wa Stanford wa 2017 uliona makosa zaidi kwa ngozi nyeusi, na ule wa Chuo Kikuu cha Duke wa 2020, kwa watu 53, haukuona tofauti ya maana kati ya rangi za ngozi. Uliona tofauti kati ya aina za saa, na makosa kuongezeka mwili unapotikisika. Hilo la mwisho ndilo litakalokupata wewe. Saa ikilegea, inaanza kuhesabu hatua zako badala ya moyo, nawe unaona 170 ukiwa unapiga soga na mwenzako.

Kwa hiyo ukinunua saa ya namna hii, ikaze kidogo juu ya kifundo, na kwa mazoezi ya kasi tafuta mkanda wa kifuani, maana bado unaishinda taa. Pima mapigo yako asubuhi kabla hujatoka kitandani, kwa siku kadhaa, ndipo uanze hesabu. Ukikimbia Dar es Salaam au Mombasa saa nne asubuhi, jua na unyevu vitaipandisha namba hata usipoongeza mwendo. Ukitoka Pwani kwenda Iten, hewa nyepesi itafanya vivyo hivyo. Ukiamka na homa na mapigo yako ya asubuhi yamepanda, usiende mazoezini. Na kama unameza atenolol au dawa nyingine ya presha inayopunguza mapigo, jedwali lolote la saa halikuhusu: muulize daktari wako kikomo chako kabla hujaanza kukimbia.